Kabla ya Kupanda Ndege: Maandalizi ya Safari ya Kundi Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni kwetu)



Kamati imeniomba nizungumzie jambo moja, nalo ni namna ya kujiandaa kwa safari ya ng'ambo inayolipiwa jumla, ile ambayo siku hizi mjini huitwa pakeji. Sababu yake wote tunaijua. Wenzetu 22 wamejiandikisha kwenda Roma na Paris mwakani, kwa siku 10. Wengi wao wamestaafu, na fedha watakazotoa ni kiinua mgongo. Wakala anataka nusu ya fedha ilipwe kabla ya mwezi huu kwisha, na alasiri ya leo mkutano huu utaamua kama zilipwe au zisilipwe. Mimi nimeifanya kazi ya kuongoza misafara ya namna hiyo kwa miaka mingi. Nitaeleza ninayoyajua, na mwisho nitatoa pendekezo langu.

Wanafunzi, msidhani kwamba mazungumzo haya ni ya wazee peke yao. Fomu za siku hizi hujazwa kwenye kompyuta, na wazazi wenu watawategemea ninyi kuzijaza. Tena humu ndani mtakuta jiografia, hesabu na fizikia, masomo ambayo baadhi yenu huuliza yana faida gani.

1. Pakeji ni kitu gani

Tarehe 5 Julai 1841, Mwingereza mmoja aitwaye Thomas Cook alikodi gari moshi na kuwachukua watu wapatao 500 kutoka mji wa Leicester kwenda Loughborough, mwendo wa maili 11 hivi, kwa nauli ya shilingi moja kwenda na kurudi. Walikuwa wanakwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Mwaka 1855 alikuwa tayari anawavusha watu bahari kwenda Ulaya bara. Siri yake ilikuwa nyepesi: mtu mmoja ananunua nafasi nyingi kwa pamoja, anazipata kwa bei nafuu, kisha anawauzia wasafiri nauli, malazi na mwongozaji kwa malipo ya mara moja. Pakeji ya leo ni hiyo hiyo.

Faida yake ni kwamba msafiri anapunguziwa usumbufu. Hasara yake ni kwamba anatoa fedha leo kwa ajili ya kitu atakachokipata baada ya miezi. Katika kipindi hicho fedha zake ziko mikononi mwa mtu mwingine. Kampuni iliyoanzishwa na huyo Cook iliendelea kwa miaka 178, halafu ikafilisika tarehe 23 Septemba 2019, huku wateja wake wapatao 600,000 wakiwa safarini katika nchi mbalimbali. Waingereza kiasi cha 150,000 kati yao walirudishwa kwao kwa ndege zilizokodiwa na serikali yao, kwa kuwa nchi hiyo ilikwisha weka tangu mwaka 1973 utaratibu wa kuwalinda watu wanaonunua safari za ndege kwa mawakala.

Ndugu zangu, kama kampuni ya miaka 178 inaweza kuanguka kwa usiku mmoja, basi swali la kwanza la msafiri lisiwe "hoteli ina nyota ngapi?" Liwe hili: "Ukifilisika wewe, mimi nitarudishiwa na nani?" Msidhani kwamba kila wakala ana kinga ya namna hiyo. Muulizeni, na jibu lake liwe kwa maandishi.

2. Mkataba na malipo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa hata senti moja, yapo mambo matano ya kutazamwa.

Kwanza, leseni. Kwetu Tanzania biashara hii inaongozwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na wakala hutakiwa kuwa na leseni ile iliyozoeleka kwa jina la TALA. Mwambieni awape nakala, na mtazame tarehe ya kwisha kwake. Jina la kampuni nalo litafutwe kwenye daftari la BRELA. Mwenye biashara halali hakasiriki akiulizwa maswali haya.

Pili, kilichomo na kisichomo. Nauli ya ndege imo? Viza imo? Bima? Chakula cha mchana? Viingilio vya makumbusho? Ile kodi ya mji ambayo hoteli za Roma humtoza kila mgeni kwa kila usiku anaolala, imo au mtalipa wenyewe mkifika? Bei rahisi mara nyingi ni bei ambayo nusu ya mambo yamo na nusu yamebaki nje.

Tatu, kurudishiwa fedha. Msafiri akinyimwa viza atapata nini? Akiugua? Kundi lisipotimia, wakala akaahirisha safari? Kila jibu liwe na kiasi na siku: "atarudishiwa kiasi fulani katika siku kadhaa." Maneno kama "tutaangalia" hayana nafasi katika mkataba.

Nne, njia ya kulipa. Fedha ziende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, zisiende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Tano, tiketi yenyewe. Karatasi yenye picha ya ndege siyo tiketi. Tiketi ya kweli ina namba ya tarakimu 13, na nafasi iliyowekwa ina alama sita za herufi na tarakimu. Ukiwa na alama hizo unaweza kuliuliza shirika la ndege wewe mwenyewe kama jina lako limo. Kijana wa kidato cha pili mwenye simu anaweza kulifanya hilo kwa dakika tano.

Nataka niseme pia juu ya programu tuliyogawiwa. Nimeisoma usiku wa jana. Imeandikwa kwamba makumbusho ya Louvre mtayatembelea siku ya Jumanne. Louvre hufungwa Jumanne. Imeandikwa kwamba makumbusho ya Vatikani ni siku ya Jumapili. Makumbusho hayo hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tena yapo malipo ya dola 40 kwa kila mtu kwa ajili ya tiketi za kumwona Baba Mtakatifu Jumatano. Mkutano huo wa Jumatano, Papa anapokuwapo Roma, tiketi zake hutolewa bure. Inawezekana wakala anatoza gharama za kuzifuatilia, na hilo si kosa, lakini basi aseme hivyo. Simtuhumu mtu kwa wizi. Ninalosema ni kwamba programu hii imeandikwa na mtu ambaye hakuuliza milango inafunguliwa lini, na tunaombwa tumpe nusu ya fedha zetu.

3. Pasipoti na viza

Pasipoti iwe mkononi kabla ya jambo lingine lolote. Italia na Ufaransa zimo katika umoja wa viza wa Schengen, ambao sasa una nchi 29, na viza moja inatosha kwa zote. Masharti yao kuhusu pasipoti ni matatu: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu angalau, na iendelee kuwa hai kwa miezi mitatu au zaidi baada ya siku ya kuondoka kwao. Mtu anayeondoka huko tarehe 20 Juni awe na pasipoti isiyokwisha kabla ya tarehe 20 Septemba. Ushauri wangu ni kuacha miezi sita, maana safari huweza kusogezwa mbele.

Jina katika tiketi liwe sawasawa na jina katika pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa ndipo wazee wetu wanapokwama. Kitambulisho kinasema Mohamedi, pasipoti inasema Mohamed, na cheti cha ndoa kinasema Muhammad. Anayekata tiketi aipate nakala ya pasipoti mbele yake, asiandikiwe jina kwa simu.

Maombi ya viza hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa kuwa mtalala Roma siku sita na Paris siku nne, ninyi ni wa Italia. Kama siku zingekuwa sawa, mngeomba kwa nchi mtakayoingia kwanza. Ombi halipokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15. Kwa kawaida jibu hutolewa katika siku 15, lakini laweza kufika siku 45. Hesabuni kwa 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, na mtu akinyimwa viza harudishiwi ada hiyo. Ananyimwa kwa barua yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa.

Ubalozi unataka kujua mambo mawili: kwamba una uwezo wa kujigharimia, na kwamba utarudi nyumbani. Mstaafu aoneshe taarifa ya benki ya miezi kadhaa, hati ya pensheni, hati ya nyumba au shamba, na cheti cha ndoa ikiwa anaacha mwenzi wake nyumbani. Msikope fedha za kujaza akaunti wiki moja kabla ya kupeleka maombi. Maofisa wale wamekwisha ona akaunti nyingi zilizonenepa ghafla. Tena kila mtu hupimwa peke yake. Katika kundi la 22 wanaweza kupata 19 na kukosa watatu. Ndiyo maana nimesisitiza kifungu cha kurudishiwa fedha.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza mfumo mpya mipakani wa kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole. Msishtuke mkiambiwa muweke vidole kwenye kioo, na msipange kuunganisha ndege nyingine kwa dakika chache baada ya kuingia.

4. Saa na tarehe

Jambo hili limewaacha watu wengi uwanjani kuliko ugonjwa. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na siku yake huanza saa sita ya usiku. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwa desturi ya wazee wa pwani, usiku wa Jumatatu ni ule unaoutangulia mchana wa Jumatatu. Sasa chukueni tiketi inayosema "15 JUN 03:55". Mwingine atasoma saa tatu na dakika 55, apange kufika asubuhi baada ya chai. Ndege itakuwa imekwisha vuka bahari. Hiyo ni saa tisa na dakika 55 usiku wa kuamkia tarehe 15. Mtakiwa kuwapo uwanjani saa tatu kabla, yaani saa saba kasoro dakika tano usiku, kwa hiyo mtaondoka nyumbani jioni ya tarehe 14.

Nimewahi kuona familia ya watu wanne imefika uwanjani imevaa vizuri, na jamaa wa kuwasindikiza wapo, lakini wamechelewa kwa siku nzima. Tiketi zile hazikurudishiwa fedha. Kwa hiyo kila msafiri aandike kwa Kiswahili, kwa mkono wake, juu ya karatasi ya tiketi: siku ya kutoka nyumbani, saa ya kutoka nyumbani, saa ya ndege. Wanafunzi, kazi hiyo wafanyieni wazee wenu. Kumbukeni pia kwamba saa za Roma na Paris ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja wakati wa kiangazi.

5. Afya

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana fedha zikipotea hutafutwa nyingine.

Mwende kwa daktari wiki sita kabla ya safari. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au ugonjwa wa moyo aombe barua yenye jina la ugonjwa na jina la kitaalamu la dawa anayotumia, kwa sababu jina la kibiashara la hapa huenda lisijulikane huko. Dawa ziwe katika pakiti zake, zitoshe siku zote za safari na siku nyingine tano juu yake. Na ziwekwe kwenye mkoba wa mkononi. Narudia: mkoba wa mkononi. Mzee mmoja katika msafara niliouongoza aliweka dawa zake za shinikizo kwenye sanduku kubwa, na sanduku likafika siku tatu baada yake. Siku ya pili tulikuwa hospitalini. Insulini ndiyo kabisa isiwekwe kwenye mizigo mikubwa, maana huko chini inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena.

Bima ya safari ni sharti la viza, isipungue euro 30,000, na igharimie matibabu ya dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na hata kifo. Lakini msinunue karatasi ya kumridhisha ofisa wa ubalozi tu. Someni pale palipoandikwa magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya safari. Bima nyingi haziyagharimii, na wengi wetu hapa tunayo.

Sasa malaria. Mtu ataumwa na mbu huku, apande ndege akiwa mzima, na homa imkute Roma, kwa kuwa malaria kali kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki moja na mwezi mmoja tangu kuumwa na mbu. Daktari wa huko anaona wagonjwa wa mafua kila siku, na malaria haoni mara nyingi. Asipoambiwa, atatoa dawa ya maumivu na kumrudisha mgonjwa hotelini. Mwalimu mmoja mstaafu tuliyesafiri naye alirudishwa hivyo mara moja. Mara ya pili mwenzake alisimama akakataa kuondoka mpaka damu ipimwe, na ikaonekana malaria. Alipona. Angesubiri siku mbili zaidi sijui tungesema nini leo. Kwa hiyo ukipata homa huko, au hata baada ya kurudi, sema maneno haya: "Natoka Tanzania, nipimwe malaria." Waitaliano watalielewa neno hilo, maana asili yake ni kwao, likimaanisha hewa mbaya. Wafaransa wao husema paludisme. Yaandikeni kwenye kadi mkae nayo. Namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, nayo ni bure.

Kuhusu chanjo, cheti cha homa ya manjano ni cha maisha yote kwa mujibu wa kanuni zilizoanza tarehe 11 Julai 2016, kwa hiyo msikitupe cha zamani. Mnaporudi kwa kupitia nchi yenye ugonjwa huo na kukaa uwanjani kwake zaidi ya saa 12, mtaulizwa. Ndugu zetu wanaokusudia kwenda Umra au Hija wao wanahitaji chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili.

Ndani ya ndege, kuketi kwa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Inukeni mtembee kila baada ya saa moja au mbili, mzungushe vifundo vya miguu, mnywe maji.

6. Mizigo

Mashirika mengi huruhusu sanduku la kilo 23 kwa abiria wa kawaida, lakini mengine hutofautiana, hivyo someni tiketi. Pimeni nyumbani au dukani kwa jirani mwenye mizani. Masanduku meusi yanafanana yote, kwa hiyo fungeni kipande cha kanga kwenye mpini, na ndani ya sanduku muweke karatasi yenye jina na namba ya simu, kwa sababu ile ya nje huweza kung'oka.

Vitu vya majimaji kwenye mkoba wa mkononi bado katika viwanja vingi visizidi mililita 100 kwa chupa, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja unaoonya wa lita moja. Sheria hii ilianza mwaka 2006. Mafuta ya nazi ni majimaji, asali ni majimaji, na pilipili ya kusaga pia. Dawa za mgonjwa zina ruhusa yake, ilimradi barua ya daktari iwepo.

Pawabenki ya kuchajia simu hairuhusiwi kwenye sanduku kubwa, ni ya mkononi tu, na isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika la ndege. Wanafunzi wa fizikia, nipigieni hesabu. Pawabenki ya miliampia-saa 20,000 yenye volti 3.7 ni sawa na ampia-saa 20 mara 3.7, yaani wati-saa 74. Hiyo inapita. Umeme wa huko ni wa volti 230 kama wetu, kwa hiyo hamhitaji transfoma. Mnachohitaji ni adapta tu, kwa kuwa plagi zetu ni za miguu mitatu bapa na soketi zao ni za miguu miwili ya mviringo.

Najua wapo watakaotaka kuwapelekea watoto wao wanaosoma huko chakula cha nyumbani. Nyama na vitu vya maziwa, pamoja na samli, ni marufuku kuingiza. Matunda na mboga huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: ndizi, nazi, tende, nanasi na duriani. Kwa hiyo embe la Mama litaishia kwenye pipa la forodha, lakini nazi itapita.

Viatu viwe vile mlivyokwisha vivaa kwa miezi miwili. Barabara nyingi za Roma mjini zimetandikwa mawe, na mtatembea. Kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro, mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na kwa wanawake. Kanga moja mkobani humaliza shida hiyo.

7. Fedha na mwenendo

Gawanyeni fedha sehemu tatu: kidogo mfukoni, nyingine kwenye kifuko cha ndani ya nguo, na kadi ya benki mahali pengine. Waambieni benki zenu kwamba mtaitumia kadi ng'ambo, isije ikafungwa mkiwa dukani. Anayebeba fedha taslimu zaidi ya dola 10,000 lazima azitangaze forodhani kwetu, na Ulaya nao wana kiwango chao cha euro 10,000. Wevi wa mifukoni wapo kwenye treni za chini ya ardhi na kwenye mabasi yanayojaa watalii. Mkoba uvaliwe mbele.

Maji ya kunywa Roma msiyanunue. Barabarani yapo mabomba ya chuma yanayotiririsha maji safi usiku na mchana, nanyi mjaze chupa zenu. Kwa siku 10, akiba hiyo si ndogo.

Mzigo ukichelewa au ukiharibika, msitoke uwanjani kabla ya kujaza fomu na kupewa namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipoupokea.

Na kila mtu aache nyumbani nakala ya pasipoti, ya viza, ya bima, na jina la hoteli. Pasipoti ikipotea, mwenye nakala hushughulikiwa upesi kwenye ubalozi wetu pale Roma.

8. Pendekezo langu

Ndugu Mwenyekiti, nakuja kwenye uamuzi wa alasiri ya leo. Napendekeza kwamba nusu ya fedha isilipwe mwezi huu. Badala yake tuteue watu watatu, mmoja wao awe mwenye ujuzi wa sheria, wampelekee wakala mambo manne: atoe nakala ya leseni, alete mkataba wenye kifungu cha kurudisha fedha kwa kiasi na siku, aisahihishe programu na aeleze zile dola 40, na akubali malipo ya awamu. Awamu ya kwanza iwe sehemu moja ya kumi, ya kuweka nafasi. Ya pili, viza zikitoka. Ya mwisho, namba za tiketi zikionekana kwenye shirika la ndege lenyewe.

Akikubali, basi tumepata mtu wa kufanya naye kazi, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwasindikiza uwanjani. Akikataa, au akisema nafasi zitakwisha kesho, tutafute mwingine. Roma imekaa pale miaka zaidi ya elfu mbili, haitaondoka mwakani. Lakini kiinua mgongo cha mwalimu aliyefundisha miaka 35 hulipwa mara moja tu.

Najua baadhi yenu mmekwisha waambia wajukuu kwamba mnakwenda. Najua pia kwamba kuna mwenzetu mmoja aliyeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya safari hii, na hapendi kusikia neno "subiri". Kwake yeye nasema kwamba simzuii kwenda. Nataka aende na arudi, na awakute ng'ombe waliobaki bado ni wake.

Wanafunzi, yeyote kati yenu aliye tayari kuwasaidia wazee kujaza fomu za viza Jumamosi ijayo katika chumba cha kompyuta, ampe Mwalimu wa zamu jina lake kabla ya chakula cha mchana. Wazee, mje na pasipoti zenu, msije na nakala peke yake.